Muulize Ticha: Keki ukiwa nayo si ndo unaila?

Ticha shikamoo. Nimeomba kutoka kazini mapema, na ovataimu ya siku hiyohiyo nikaitaka, bosi akanijibu kwa kizungu "you can't have your cake and eat it". Nikanyamaza ila moyoni nikasema huyu vipi, keki ukiwa nayo si ndo unaila? Asiyekuwa nayo ndo hawezi kula! – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kwa ovataimu bosi yuko sahihi, kwa keki umemshinda, ila usimwambie. Shida ni hilo "have". Mzungu akikukaribisha "have some cake" anamaanisha ule, lakini kwenye msemo huu ni kubaki nayo, yaani ukishaila imeisha, huwezi kuila leo na kesho ukaikuta kwenye sahani. Sisi tunasema mshika mawili moja humponyoka, tumemaliza. John Heywood alipokusanya methali za Kiingereza mwaka 1546 alianza na kula halafu ndo kuwa nayo, ukiupanga hivyo hata mtoto anaelewa, sema mpangilio wa bosi wako ndo ulioshika midomoni mwa watu.

Kuna jamaa Marekani aling'ang'ania ule wa Heywood na ukamponza. Ted Kaczynski, aliyewahi kufundisha hesabu chuo kikuu, alianza mambo ya mabomu mwaka 1978, akaua watu 3 na kujeruhi 23, mengine yanaenda kwa posta kabisa, na FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawamjui ni nani. 1995 waraka wake wa maneno kama 35,000 ukachapishwa kwenye gazeti la Washington Post, mke wa mdogo wake ambaye alishaanza kumshuku akamwambia mumewe hebu usome, mdogo mtu kusoma akaona mbona huu uandishi kama wa kaka. FBI wakalinganisha na barua zake za zamani, wakakuta keki ileile inaliwa kwanza ndo inakuwepo, kama kwenye waraka. Haukuwa ushahidi pekee ila ulichangia, na Aprili 1996 wakamtoa kwenye kibanda chake porini Montana. Keki tu hiyo!

Ticha, mchumba wangu kaniandikia yuko "head over heels" na mimi. Kichwa juu ya visigino si ndo tulivyo sote? – Dada wa Tanga

Ndo tulivyo, hadi kwenye foleni ya benki. Zamani walisema "heels over head", visigino juu kichwa chini, mtu kapinduliwa na mapenzi. Karne ya 18 maneno yakageuzwa na mpinduliwa akajikuta kasimama wima. Kakupenda dada, mjibu.

Ticha, hawa mamotivesheno spika wanaosema ujivute juu kwa kamba za buti zako, mimi nimejaribu na gamubuti, sijanyanyuka hata inchi. – Mkulima, Iringa

Na hutanyanyuka, maana karne ya 19 msemo huu ulikuwa kejeli, ukimsema mtu anayejigamba kufanya lisilowezekana. Baadaye watu wakausahau utani wakaufanya ushauri, halafu wanalipisha kiingilio! Ila mafundi kompyuta waliuelewa vizuri: mashine ikiwa imezimwa inahitaji programu ya kuipakia programu, sasa hiyo ya kwanza inapakiwa na nani? Inabidi ijivute yenyewe kwa kamba za buti zake, na ndo maana tunasema kompyuta inabuti. Gamubuti lako lina undugu na simu yako.

Ticha, shemeji yetu Mwingereza anatucheka, eti Waswahili mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga hadi picha, hivi vitu vimewakosea nini? – Familia, Mombasa

Mwambieni kwao akishikwa na mafua pua ndo inakimbia. Akiikamata atupigie.