Wanaokuuliza elektroni zitakulisha nini

Juzi msomaji mmoja wa Likasi aliniandikia. Yuko mwaka wa mwisho wa kemia, anataka kusoma uhamishaji wa elektroni, yaani jinsi elektroni inavyotoka atomu moja kwenda nyingine, lakini nyumbani wanamsukuma aingie metalurjia, taaluma ya kuyeyusha na kusafisha madini, eti ndiko kuna kazi. Mdogo wangu, maneno hayo nayajua. Hapa Lubumbashi niliambiwa mbele ya darasa zima kwamba mada yangu, hiyo hiyo ya elektroni, ni ya Wazungu, Katanga inataka watu wa kuyeyusha shaba. Mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu, mama akapiga vigelegele hadi nje ya ukumbi, na bado neno lile linaniuma.

Kilichonishika kilikuwa kidogo tu. Tulidondosha mmumunyo wa manjano hafifu wa potasiamu ferosianidi ndani ya mmumunyo wa chumvi ya chuma. Papo hapo ikatokea buluu nzito, ikang'ang'ania kioo hata brashi ikashindwa. Rangi hiyo ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, lakini mimi sababu yake ndiyo iliyoninyima usingizi: atomu moja ya chuma ina elektroni moja zaidi ya jirani yake, na mwanga ukipiga, elektroni inaruka kwa jirani. Mruko huo unameza mwanga mwekundu, jicho linabakiwa na buluu.

Sasa ondoa sehemu ya chuma hicho, weka kobalti. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walionyesha kwamba dutu ya namna hiyo, ikiwa kwenye baridi kali, ukiimulika taa nyekundu elektroni inahama kutoka chuma kwenda kobalti na usumaku unaongezeka. Ukiimulika ya buluu, unapungua. Eti hayo hayatuhusu! Malori ya kobalti yanatoka Kolwezi yanatupita kila siku, sisi tujue bei yake tu?

Ushauri wangu basi. Anza na mwanakemia Rudolph Marcus. Mwaka 1956 alieleza kwamba elektroni hairuki hovyo: molekuli za maji zinazoizunguka lazima zijipange kwanza, kama abiria wa taksi-basi ya Katuba wanavyosogea ndipo mwenzao akae. Alitabiri pia kwamba ukizidisha msukumo wa mmenyuko, yaani nishati inayousukuma utokee, kupita kiwango fulani, kasi yake inashuka badala ya kupanda. Uthibitisho wa wazi ulikuja mwaka 1984, Nobeli mwaka 1992. Mtu alisubiri miongo, wewe unataka kuacha kwa sababu ya wajomba?

Halafu chagua swali ambalo vifaa vya hapa vinaweza kulijibu. Mimi nilipima kwa potenshostati kuukuu, kifaa cha kudhibiti volti na kupima mkondo wa umeme kwenye mmumunyo, usiku, umeme ukikatika katikati ya kipimo naanza upya. Vumilia. Profesa mmoja akikataa mada, nenda kwa mwingine. Usiombe ruhusa ya kupenda kitu. Vumilia tena.

Na wazee wa nyumbani uwaeleze kwa lugha yao. Wewe ni mtoto wa Likasi, kiwanda cha shaba cha Shituru unakijua: kila bamba la shaba linalotoka kwenye elektrolisisi, yaani kutoa shaba kwenye mmumunyo kwa umeme, limejengwa kwa elektroni, mbili kwa kila ioni ya shaba. Metalurjia wanayokutakia inakula kutoka sahani ya kemia unayoitaka. Kisha niandikie swali lako katika ukurasa mmoja kabla hujaonana na profesa. Nitalisoma.