Re: Königsberg ilimalizwa tarehe 6 au 11 Julai 1915?

Habari mkuu. Vitabu vyako viwili vinagongana tarehe kwa sababu mashambulizi dhidi ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa Rufiji, yalikuwa mawili. Tarehe 6 meli za kivita za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, Mersey ikapigwa, zikarudi nyuma. Tarehe 11 zikarejea, Königsberg ikaungua, na Wajerumani wakailipua wenyewe. Kwa hiyo usiandike "ilizamishwa na Waingereza" ukaishia hapo. Wengi wanateleza hapo.

Anza na daftari za safari za meli hizo mbili, fungu ADM 53 katika Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, London, ndipo ugeukie ripoti za Kijerumani katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi kule Freiburg, Ujerumani. Mafaili ya Kijerumani ya Nyaraka za Taifa hapa Dar mengi ni ya utawala wa kiraia. Ukipiga picha, namba ya jalada ionekane kila ukurasa, la sivyo tanbihi haitathibitika.