Maswali ya Wasomaji: Eti kiwanja chetu kiko chini ya bahari?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Familia yetu ina kiwanja Kigamboni karibu na ufukwe, tunataka kujenga, tukaita vijana wenye droni ya lida wakapima. Ripoti inasema ardhi iko hasi mita 19, yaani chini ya bahari, wakati hata masika maji hayajawahi kusimama pale! Halafu koodineti za bikoni kwenye ramani ya marehemu baba zinapishana na zao karibu mita 300. Mashine mbovu au tumepigwa?

JIBU: Pole na presha ndugu yangu, ila kwa ulivyoeleza sioni kosa la mashine. Lida inarusha mwale wa leza chini, inahesabu muda wa kwenda na kurudi, ndo inapata umbali, halafu umbali huo unaunganishwa na mahali droni ilipokuwa wakati ule, na hapo panatoka kwenye GPS. Sasa setilaiti hazijui bahari iko wapi. Zinapima urefu kuanzia kwenye elipsoidi, yaani umbo laini la dunia la kimahesabu, na huku pwani ya Dar es Salaam usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi hiyo, kwa hiyo hata ukisimama ufukweni mawimbi yanakulowesha miguu, urefu ambao haujarekebishwa utasoma hasi ishirini na kitu. Hasi 19 yenu inamaanisha mko juu ya bahari mita kadhaa.

Warudieni hao vijana bila ugomvi, wabadilishe urefu uende kwenye usawa wa bahari kwa kutumia modeli ya geoidi, yaani umbo la dunia linalofuata usawa wa bahari. Ipo EGM2008 ya dunia nzima, ila kwa nyumba iliyo karibu na maji mimi ningedai waunganishe vipimo vyao na alama ya urefu ya serikali iliyo jirani, maana modeli ya dunia nzima huku inaweza kupishana na alama zetu na nyie mnapanga msingi na mitaro, hapo sentimita zina maana.

Hizo mita 300 ndo zinanisumbua zaidi kwa sababu zinaleta kesi. Ramani ya mzee karibu hakika ni ya datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya zamani iitwayo Arc 1960, inayotumia elipsoidi ya Clarke 1880, na GPS inatumia datamu nyingine, WGS84. Zote zinaandikwa UTM (mfumo wa kuandika koodineti kwa mita) zoni 37 Kusini, namba zinafanana, mtu anadhani ni kitu kimoja, kumbe sehemu ileile ya ardhi ina namba mbili tofauti na huku kwetu tofauti kubwa iko upande wa kaskazini na kusini, karibu hizo 300 mlizoona. Siku hizi ipo pia TAREF11, datamu mpya ya Tanzania, na bara lenyewe linasogea kama sentimita 2.5 kwa mwaka, ndo maana vipimo vya kisasa vinataka na tarehe.

Kwa hiyo ripoti mpya iandikwe wazi datamu gani, zoni gani, urefu unaanzia wapi, na kituo cha GPS cha ardhini, kile kinachosahihisha mahali pa droni, kiliwekwa kwenye alama gani. Bikoni msiziguse wala msihamishe fensi kufuata namba za droni, aje kwanza mpima aliyesajiliwa aweke kifaa juu ya bikoni zenyewe, alinganishe namba zake na za kwenye ramani ya mzee.