Chandarua cha mwanangu kilikuwa kinawaka usiku

Mwaka jana mwanangu wa kwanza, akiwa kidato cha pili, alianza kulalamika kichwa. Hapa kwetu Mwanza mtoto akisema kichwa kinamuuma, mzazi anawaza malaria kwanza. Nikampeleka kupima, hakuna kitu. Baada ya wiki mbili kichwa tena, macho mekundu, asubuhi haamki mpaka nimvute mguu. Tukapima tena, hakuna. Mwalimu wake wa darasa akanipigia: "Mama, kijana analala kuanzia kipindi cha kwanza." Nikadhani amepungukiwa damu, nikawa namchemshia rozela kila jioni.

Safari ya tatu tulimkuta daktari mwingine. Alimuuliza mtoto analala saa ngapi, akajibu saa tatu. Kisha akanigeukia mimi: "Na simu yako, mama, inalala wapi?"

Simu yangu ilikuwa inalala chumbani kwa watoto. Soketi ya chumbani kwangu ilikufa zamani, na kule ndiko nilikochajia.

Usiku ule nilikaa macho. Saa saba kasoro nikanyata mpaka mlangoni kwao. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na taa za wavuvi nimezizoea tangu utoto: usiku wa giza ziwa lote linakuwa na vimulimuli, na kila taa imewavuta dagaa wake chini yake. Chandarua cha mwanangu kilikuwa kinawaka hivyohivyo. Ameketi ndani, kidevu kimegusa kifua, shuka kichwani, uso umekuwa wa buluu. Nilisimama pale muda mrefu na hakunisikia. Machozi yalinitoka.

Nilipomuuliza kwa nini usiku wa manane, alinijibu bila kuficha: "Mama, bando la usiku ni bei rahisi. Linaanza saa sita." Kumbe alikuwa anatembea kwa miguu kutoka shule ili nauli ya daladala iwe bando. Anajilaza akisubiri saa sita ifike, anaangalia video mpaka saa nane au saa tisa, na saa kumi na moja na nusu mimi namwamsha. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Wangu alikuwa anaambulia kama saa tatu tu. Na mwanga ule wa kioo cha simu usoni unauchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayouambia kuwa ni usiku, kwa hiyo hata akiizima simu usingizi hauji mara moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hasira. Nilimpokonya, nikamfokea mbele ya wadogo zake. Alininunia siku tatu, na ya nne nikamkuta na simu ya jirani. Mzazi mwenzangu, usianzie hapo. Tulipokaa chini yeye, mimi na baba yake, alisema neno lililonichoma: "Nyie wenyewe mnalala nazo." Ni kweli. Basi tukakubaliana simu zote za nyumba hii, yangu na ya baba yake zikiwemo, saa mbili na nusu zinawekwa juu ya kabati la vyombo sebuleni na kuchajiwa hapo. Nilikuwa najitetea kwamba simu ndiyo inayoniamsha kuwahi sokoni, nikanunua saa ya mezani yenye kengele. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, hata kwangu. Mwezi haukuisha, kichwa kikaacha kumuuma.

Mdogo wao, wa miaka mitatu, alikuwa hamezi ugali bila katuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 mtoto asikalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Niliiondoa simu mezani. Alisusa milo miwili, wa tatu akala.

Sokoni akina mama wananiuliza zaidi habari za mionzi na saratani. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo waliiweka mionzi ya simu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, kwa ushahidi waliouita hafifu. Sipuuzi. Lakini mama anayeogopa mionzi huku mtoto wake halali, namwomba aanze na usingizi. Macho nayo yanataka jua. Mtoto anayecheza nje kwa saa mbili hivi kila siku ana hatari ndogo zaidi ya kupata tatizo la kuona vitu vya karibu tu, na sisi Mwanza tumejaliwa mawe na mwambao. Mtoto hakosi pa kukimbilia. Ila ufukweni awe na mtu mzima, ziwa halina mazoea.

Sijamnyima simu moja kwa moja. Masomo mengine yanatumwa kwenye makundi ya simu, na Jumamosi mchana ana saa mbili zake, anakaa nayo sebuleni tukimwona. Kitu ninachokiangalia kila siku ni asubuhi yake: ameamka mwenyewe au nimemvuta mguu?

Kinachonitisha sasa ni likizo ya Juni. Mimi natoka alfajiri, baba yake yuko safarini, nyumba inabaki na watoto. Nimeongea na mama mdogo wao kule Ukerewe, wataenda wiki tatu. Mkubwa ameshauliza kama huko mtandao unashika.