Jibu: Nimechoka na kaunta, niache kazi?

Pole sana mdogo wangu. Unasema unafungua famasi asubuhi, unafunga saa nne usiku, na siku hizi mteja akiingia tu moyo unakuruka. Huo si uvivu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo, yaani kuchoshwa kupindukia na kazi (burnout), kuwa ni tatizo linalotokana na kazi: nguvu kuisha, kazi kukuchukiza, ufanisi kushuka.

Kabla ya kuacha, angalia hasa kinachokumaliza. Kwa wengi wetu wa famasi za rejareja si wingi wa wateja, ni mabishano. Mtu ana mafua, anataka azithromycin, ambayo ni antibayotiki, bila cheti cha daktari. Ukimkatalia: "Mbona pale jirani wananiuzia?" Na bosi yuko pembeni anapiga hesabu ya mauzo! Hilo limalizeni wewe na bosi mapema, si mbele ya mteja: antibayotiki bila cheti haitoki, na yeye asikugeuke. Ukiwa na uhakika huo, unajibu kwa sentensi moja tu na kumhudumia anayefuata.

Dai pia muda wa kula ukiwa umekaa. Wateja wapewe namba ya duka, yako ibaki ya nyumbani.

Usingizi ukigoma, usijiandikie diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ya rafuni. Sisi dawa ziko karibu mno, ndiyo hatari yetu. Nenda kwa daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, na ukianza kuwaza kujidhuru, nenda leo hii, usisubiri siku ya mapumziko.