Niliamulia Ugomvi, Nikaumia Mimi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Wiki mbili zilizopita nilimkuta mwanamume akimpiga mwanamke kando ya barabara. Nilipomshika mkono alinigeukia kwa ngumi, na mwanamke naye akanirukia mgongoni akipiga kelele, "Muache mume wangu!" Nikaanguka, nikashonwa nyuzi sita kisogoni. Mke wangu ananikataza kuingilia tena. Je, ningepita tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapana, usingepita tu. Kosa lilikuwa kumshika. Wagombanao ndio wapatanao, na huenda mama yule aliogopa kipigo kitakachomsubiri nyumbani. Usimchukie.

Nilipokuwa muuguzi nilimpokea kijana aliyesukumwa mara moja tu akiamulia watu asiowajua. Kisogo kiligonga ukingo wa barabara. Aliingia kwa miguu yake, akiongea vizuri. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu. Saa chache baadaye hakuamka. Sijamsahau.

Safari nyingine simama mbali, piga kelele, waite polisi. Palipo na watu wengi kila mmoja humtegea mwenzake, basi mnyooshee mmoja kidole: "Wewe wa shati jekundu, piga simu!" Kisu hukioni mpaka kimekuingia.

Na hicho kichwa, mwanangu: kuvuja kwingine huchukua wiki kujitokeza. Ukiumwa kichwa kinachozidi, ukitapika au kusinzia ovyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.