Rozela, waridi na barafu: maswali yenu

Kabla mvua za vuli hazijashika, jua la Mwanza linapiga mawe mchana kutwa, halafu usiku mawe yanaturudishia joto lote. Haishangazi basi kwamba maswali ya safari hii karibu yote ni ya barafu. Na kwa kuwa mwezi uliopita niliwapa barafu za rozela zenye petali za waridi ndani, kila mtu sasa anatazama maua ya jirani kwa jicho la njaa. Tuanze na hilo.

Shikamoo mama. Nina maua mengi hapa uani Buswelu, mengine nimeyakuta nilipohamia na sijui majina yake. Nitajuaje lipi linalika?

Marahaba mwanangu. Kama hujui jina lake, halilikwi. Kiswahili chenyewe kimetuonya: ua ni jina na ua ni kitenzi. Usimwangalie nyuki wala mbuzi ukadhani amekujaribia. Tumbo lake si tumbo lako.

Ninayoyatumia mimi ni machache. Rozela, au choya kama wengine wanavyoiita, inaongoza. Ile sehemu nyekundu tunayochemsha si petali, ni kikombe kinachobaki nyama nyama petali zikishadondoka. Toa kidonge cha mbegu kilicho katikati, tumia kikombe. Waridi la bustanini linafuata, hasa lile lenye harufu, maana waridi lisilonukia halina ladha pia. Kata ule weupe ulio chini ya petali, ni mchungu. Haibiskasi, lile ua kubwa jekundu la kwenye michongoma, petali zake zinalika na zina uchachu mdogo. Maua ya maboga mnayajua kama mboga. Asumini, ile ya watu wa Pwani ya kutia kwenye kikuba, huiloweki kwenye maji ya moto. Iweke kwenye maji baridi yaliyochemshwa, funika usiku kucha, asubuhi chuja, na maji hayo ndiyo ugandishe. Lakini kuna kichaka kingine kinachonukia usiku hadi jirani anasikia, wengi wanakiita malkia wa usiku, na wako wanaokichanganya na asumini. Kile ni sumu.

Ya kukimbia kabisa: oleanda, iwe ya pinki au ile ya manjano yenye matunda ya kijani, kwa sababu jani, ua na mbegu zake zinavuruga mapigo ya moyo. Mnanaha, pamoja na ndugu yake mwenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, unamfanya mtu aweweseke. Msanapiti una utomvu mweupe unaowasha. Alamanda nayo iache ipendeze ukutani.

Jambo la pili ni dawa. Waridi la duka la maua au la mapambo ya harusi lilikuzwa ili lipendeze, limepigwa dawa ya wadudu, na hakuna aliyefikiria kwamba wewe utalitafuna. Hata maua ya kando ya barabara kuu ya Nyegezi, na vumbi lile na moshi ule, yaache. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Toa chavua na vile vijiti vya katikati, maana kuna watu vinawawasha koo. Osha, tandaza kwenye kitambaa. Mara ya kwanza onja petali moja tu.

Ninauza barafu za rozela Igoma. Zikiganda zinakuwa ngumu kama Jiwe la Bismarck, wateja wanalalamika meno. Nikaongeza sukari, sasa hazigandi, zinabaki uji. Nifanyeje?

Hapo umegusa roho ya biashara yako. Sukari si ya utamu tu. Ndiyo inayoamua barafu itakuwa jiwe au uji. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Ukitia sukari, kiwango hicho kinashuka, na hata ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kunabaki maji kidogo yenye sukari nyingi ambayo hayajaganda, yamekaa katikati ya chembe za barafu. Hayo ndiyo yanayofanya barafu iume kwa ulaini. Yakiwa machache, jino linagonga jiwe. Yakizidi, una uji.

Kipimo changu kwa lita 1 ya maji ya rozela yaliyochujwa ni sukari gramu 150 hadi 180, yaani kikombe cha chai kisichojaa sana. Ukionja kabla ya kugandisha, iwe tamu kidogo kupita unavyopenda. Ulimi ukishapoa hausikii utamu vizuri, na kinywaji kilichokolea mezani kinapooza kikishaganda. Ukiona umefika kwenye gramu 300 na bado unaongeza, tatizo si sukari, ni kwamba rozela yako imekuwa kali mno. Gramu 30 hadi 40 za rozela kavu kwa lita zinatosha: mimina maji yanayochemka, funika dakika 20, chuja. Tangawizi na iliki zinaingia hapo hapo.

Na usichemshie kwenye sufuria ya aluminiamu. Rozela ina asidi kali, inakula sufuria, na utaisikia ladha ya bati. Tumia ya stili au ya enameli. Mimi nililijua hilo baada ya kuharibu lita 5 za shughuli ya binti wa dada yangu. Siku hiyo hiyo petali zangu za waridi ziliganda zote juu kama kofia, kwa sababu petali zinaelea! Dawa yake ni kumimina nusu ya kipimo, kusubiri kianze kushika, kulaza petali, ndipo umimine nusu iliyobaki ikiwa baridi. Kama unataka ulaini zaidi bila kuongeza sukari, saga embe bivu uchanganye. Nyuzinyuzi zake zinazuia chembe za barafu zisikue kubwa.

Nilitaka aiskrimu ya maziwa yenye rangi ya rozela. Nilipochanganya tu, maziwa yakakatika mabonge mabonge. Maziwa yalikuwa mabovu?

Hapana, yalikuwa mazima. Asidi ya rozela imefanya kile kile ambacho limau lingefanya. Ukitaka maziwa, tumia waridi au asumini: pasha maziwa yaanze kutoa mvuke, epua, tia petali, funika nusu saa, chuja. Marashi ya waridi yale ya kupikia yanafaa pia, kijiko kimoja cha chai kwa lita, lakini soma kwanza chupa. Kuna ya kupikia na kuna ya kujipaka.

Na kama moyo wako umekufa kwa ule wekundu, fanya tabaka. Gandisha maziwa hadi yawe magumu, kisha mimina rozela baridi juu, rudisha kwenye friza. Nyeupe chini, nyekundu juu, wala hazigombani.

Huku kwetu karibu na ziwa gugumaji likichanua linapendeza mno, zambarau tupu. Nasikia nchi nyingine wanalila. Naweza kuweka ua lake kwenye barafu?

Uzuri wake nakubaliana nawe, na ni mojawapo ya vitu vichache vizuri ninavyoweza kusema juu ya mmea ule. Umetoka Amerika Kusini, ukaonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ilibidi waletwe wadudu maalumu wa kuutafuna kwa sababu mitumbwi ilikuwa haipiti.

Kwenye barafu, hapana. Mmea huu unavuta kila kilichomo majini, pamoja na madini mazito kama risasi na zebaki, hadi kuna mahali wanautumia kusafisha maji machafu. Nasi tunaishi kanda ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki. Ukitaka rangi ya ajabu, tafuta ule mmea unaotambaa wenye ua la buluu iliyokolea, Clitoria ternatea kwa jina la kitaalamu. Maua makavu 10 kwenye kikombe cha maji ya moto yanatoa buluu, na ukikamulia limau inageuka zambarau mbele ya macho ya watoto. Ladha haina, nisikudanganye. Ni maonyesho tu.

Mama mkwe anasema barafu za rozela zinaongeza damu, na mke wangu ni mjamzito. Nimnunulie kila siku?

Mama mkwe asiaibishwe, lakini wekundu wa rozela si wekundu wa damu. Ni rangi ya mmea, ile ile inayogeuka ukitia limau au magadi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye glasi ni kidogo mno kumwinua mtu aliyepungukiwa damu. Rozela imefanyiwa utafiti zaidi kwa upande wa kushusha presha, na kwa hiyo anayetumia dawa za presha aulize kwanza. Mjamzito naye asiifanye kuwa kinywaji cha kila siku bila kumuuliza mkunga. Damu yake ipimwe kliniki, anywe vidonge vya madini ya chuma anavyopewa, ale dagaa, maharage na mchicha, na pembeni awe na chungwa, maana vitamini C inasaidia mwili kufyonza chuma cha mboga.

Barafu ya embe inamtosha.

Maji ya bomba nikiyagandisha, vijidudu si vinakufa?

Havifi, vinalala. Chemsha hadi yatokote dakika moja kamili, yapooze yakiwa yamefunikwa, ndipo uchanganye. Na barafu ya maziwa iliyoyeyuka umeme ulipokatika usiigandishe tena ukauza. Friza iliyojaa, usipoifungua, inashika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja.

Sina friji, nipo Ukerewe. Kuna njia?

Ipo, na ni ya zamani kuliko friji. Chumvi ikikutana na barafu inaiyeyusha, na katika kuyeyuka huko inavuta joto la kila kilicho karibu. Mchanganyiko unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Ponda kilo moja na nusu ya barafu, changanya na nusu kilo ya chumvi kwenye ndoo. Katikati yake simamisha kopo la stili lenye kifuniko kinachobana, ndani kuna maziwa yako ya waridi, yasizidi nusu ya kopo. Zungusha kopo kushoto kulia, kila dakika chache fungua ukwangue kingo. Ndani ya dakika 30 au 40 una aiskrimu laini.

Barafu utaipata mwaloni kwa wenye samaki. Hiyo ibaki nje ya kopo, kamwe isiingie kwenye glasi. Na kabla hujafungua kifuniko, kifute vizuri kwa kitambaa kikavu, kwa sababu tone moja la chumvi lenye harufu ya sangara likidondokea ndani, waridi lako limekwisha.